Muulize Fundi: Boksi la faiba ni lita zake

Tangu niliposema kwenye ukurasa huu kwamba boksi la spika linaweza kufinyangwa kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini (utomvu wa kemikali unaoganda), likafuata umbo la gari, barua zinazokuja ni za jambo hilohilo tu. Basi mwezi huu tuzimalize. Kwa wasionijua: mimi faiba nilijifunzia kwenye boti, kule Mtwara, kabla sijashika spika hata moja. Nikiwa mkali kuhusu nyufa na matundu, mnivumilie. Boti ikivuja watu wanazama. Boksi likivuja besi ndiyo inayozama.

*Shikamoo Fundi. Nina Toyota IST na subufa ya inchi 10. Boksi la mbao nililonalo linamnyima mke wangu nafasi ya ndoo zake za samaki. Nataka boksi la faiba likae kwenye kona ya buti, nyuma ya tairi la kushoto. Nianzie wapi? Karatasi ya spika imeandikwa Fs 28, Qts 0.45, Vas lita 40. – Dereva, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha kwa kutuma namba. Fs ni hezi ambazo spika hutikisika yenyewe, Qts ni jinsi inavyojizuia kutikisika, na Vas ni lita za hewa zenye mnepo sawa na wa spika. Wengi hunitumia picha ya gari na jina la spika, basi. Namba hizo zinatokana na kazi ya Neville Thiele na Richard Small kule Australia, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1961, na faida yake ni kwamba huna haja ya kubahatisha ukubwa wa boksi.

Chukua 0.707, kipimo ambacho besi inashuka kwa ulaini bila kuvimba, ugawe kwa Qts yako ya 0.45. Unapata 1.57. Zidisha 1.57 kwa yenyewe, kisha toa 1: inabaki 1.47 hivi. Sasa gawa ile Vas ya 40 kwa 1.47. Jibu ni lita 27 na ushee. Hilo ni boksi lililozibwa kabisa, lisilo na bomba la kupumulia. Ongeza lita mbili zitakazoliwa na sumaku na fremu ya spika, kwa hiyo unatafuta lita 29. Boksi lenye bomba lina raha yake, lakini bomba linataka hesabu nyingine ya urefu na upana, na kwa umbo la kona lililopindapinda sikushauri uanzie huko.

Sasa kazi. Toa zulia la buti. Funika kona yote kwa tepu ya karatasi ya wapiga rangi, tabaka moja la kulala na jingine la kusimama, juu yake foili ya jikoni, juu ya foili nta ya kung'arishia gari. Funika pia viti na sakafu, mbali kuliko unavyodhani inatosha, maana tone la rezini likishakauka kwenye kitambaa cha kiti halitoki tena. Halafu kagua umbo kabla hujapaka chochote: mahali ambapo kona ni pana ndani na nyembamba mdomoni, gamba la faiba litakwama na utalivunja ukilitoa. Jaza mashimo ya namna hiyo kwa magazeti na tepu.

Mati, ile ya nyuzi fupi zilizotawanyika ovyo, ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ichane kwa mikono vipande vya kama kiganja. Usiikate kwa mkasi. Kipande kilichochanwa kina ncha zenye manyoya zinazoshikana na jirani yake. Kilichokatwa kinaacha ngazi utakayoihangaikia kwa msasa wiki nzima. Paka rezini kwanza, laza kipande, kisha kichomechome kwa ncha ya brashi. Usiburuze brashi kama unapaka ukuta, utazivuta nyuzi. Tazama rangi: mati kavu ni nyeupe, na ikishiba rezini inageuka, unaanza kuona foili chini yake. Palipobaki weupe pana hewa. Bonyeza hapohapo, maana baada ya dakika kumi na tano rezini itakuwa uji mzito na hewa hiyo utakuwa umeifungia humo.

Weka tabaka mbili ndani ya gari, milango yote wazi, gari likiwa nje. Zikikauka chomoa gamba, yanayobaki utayafanyia chini ya mwembe. Tabaka moja la mati hiyo linakupa karibu milimita moja, na kwa subufa ya inchi 10 ningetaka milimita sita. Palipo na mpindo mkali unaweza kuwa na ubahili kidogo, kwa sababu mpindo wenyewe ndio ugumu. Palipo bapa usifanye hivyo kabisa. Faiba bapa inalia kama ngoma.

Duara la kushikia spika likate kwenye plaiwudi ya milimita 18. Lipake rezini pande zote, na ndani ya tundu pia, hasa wewe ambaye jirani wa boksi lako ni ndoo ya samaki: maji ya chumvi hayaifanyi kitu faiba, lakini yataila mbao taratibu. Lisimamishe duara kwa vijiti vilivyogundishwa kwenye gamba, uligeuze unavyotaka, kisha funga mlango wa buti uone kama unagusa. Angalia na nyuma: sumaku ipate nafasi ya kupumua.

Ukisharidhika vuta kitambaa cha flisi juu ya vyote. Blanketi jembamba la mtumba linafaa kuliko kitu chochote cha dukani. Kikaze kwa stepla hadi kisiwe na kunyanzi, kishibishe rezini, kiache kigande. Hapo una umbo, lakini bado ni yai. Ugumu unautia kwa ndani, kupitia tundu la spika, tabaka kwa tabaka.

Kabla ya kuongeza tabaka za ndani, pima. Mimina mahindi makavu kupitia tundu ukitumia kopo la lita moja na uhesabu, ukikumbuka kwamba tabaka zijazo nazo zitakula lita moja au mbili. Likizidi utapunguza kwa kugundisha vipande vya mbao ndani. Likipungua umekwisha, kwa hiyo jenga kwa kuzidisha.

Puti, msasa na rangi sikuelezi, mtaani kwako mafundi wa bodi wamejaa.

*Fundi, nilipaka rezini Ijumaa. Leo Jumatatu bado inanata. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Mwanza*

Inanata juu tu, au ukiingiza ukucha inabonyea? Haya ni magonjwa mawili tofauti.

Ikiwa juu inanata na chini ni ngumu, huna tatizo. Rezini nyingi za poliesta hazigandi vizuri pale zinapogusana na hewa, na zimetengenezwa hivyo ili tabaka linalofuata lishikane na lililotangulia. Ukimaliza tabaka la mwisho unatumia rezini iliyotiwa nta. Nta inapanda juu na kuifungia hewa nje. Kama huna, futa kwa asetoni kisha piga msasa.

Ikiwa inabonyea hadi chini, hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, ilikuwa kidogo, imezeeka, au haikukorogwa sawasawa hadi pembezoni mwa kopo. Kwangua yote. Najua inauma, lakini tabaka jipya juu ya rezini iliyooza ni kupaka rangi juu ya tope.

Kuhusu vipimo: acheni kukisia kwa vifuniko vya chupa. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe. Nusu kilo ya rezini inachukua kama mililita 5 za hadina, yaani asilimia moja, na hali ya hewa ya joto haihitaji zaidi ya hapo. Asilimia mbili, mililita 10, ndio mwisho kwa rezini nyingi. Lakini maelezo ya kopo lako yatangulie maneno yangu. Halafu usichanganye kilo nzima kwa pamoja. Rezini ikiganda inatoa joto, na ikiwa nyingi ndani ya kopo joto halina pa kwenda: kopo linayeyuka, linatoa moshi, linaweza hata kuwaka. Ukiona linaanza kuchemka, litoe nje, limwage kwenye mchanga lisambae, ukae upande unaotoka upepo.

Na kama ni msimu wa mvua, subiri jua. Mati inavuta unyevu. Ianike kwanza.

*Mimi si fundi. Mume wangu anatengeneza maboksi ya faiba chumba cha nyuma, na harufu inatufikia kitandani. Anasema hana wasiwasi kwa sababu anavaa barakoa. Nina mtoto wa miezi minane. Je, ni salama? – Mama, Morogoro*

Si salama, mama. Mpe mumeo ukurasa huu asome mwenyewe.

Shemeji, harufu hiyo ni ya stairini, kemikali iliyomo ndani ya rezini, na barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wake hata chembe. Inazuia vumbi tu, tena kwa shida. Mvuke unataka barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, vilivyoandikwa kwamba ni vya mivuke ya kemikali, na vina muda wake. Ukianza kusikia harufu ukiwa umevaa, vimekwisha. Mtoto hana barakoa. Wala mama mjamzito hatakiwi kuwa karibu na kazi hiyo. Hamisha kazi nje, mbali na madirisha, na boksi likauke hukohuko kabla ya kuingia ndani. Mvuke huo pia unashika moto, na kwa joto letu la mchana unapanda wenyewe bila kuchemshwa. Jiko la mkaa, sigara na mashine ya kuchomelea vikae mbali.

Hadina ndiyo inayonitisha zaidi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha. Vaa miwani ya kufunika, si ya jua. Likiingia, osha kwa maji yanayotiririka robo saa bila kuacha, kisha hospitali, usingoje uone kama itapoa. Na kama rezini yako inauzwa na kichupa cha pili cha kobalti, ya kuharakisha kuganda, hicho kinachanganywa na rezini kwanza, kikolewe kabisa, ndipo hadina ifuate. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe zinalipuka. Msiziweke rafu moja.

Vumbi la msasa: shati la mikono mirefu, barakoa ya vumbi, na maji kidogo kwenye msasa. Ukiwashwa, osha kwa maji ya baridi na sabuni bila kujisugua. Nguo hizo zisifuliwe na nepi.

*Shkamoo mzee. Naendesha bajaji hapa Tanga. Nataka subufa mbili za inchi 12 nyuma ya kiti cha abiria, kwa faiba ili zisiwe nzito. Abiria wanapenda singeli. – Bajaji, Tanga*

Marahaba. Hapana.

Faiba haitakusaidia uzito, kwa sababu uzito wa subufa uko kwenye sumaku, halafu kuna betri ya kuzilisha. Na hata ukizibeba, bajaji haina kuta. Ndani ya gari kile chumba chenyewe kinaisaidia besi ya chini. Kwako inatoka nje ikasikilizwe na wauza machungwa. Unachohitaji ni spika mbili za inchi 6.5 zenye sauti ya wazi, ndani ya mabakuli ya faiba, juu kwenye fremu karibu na masikio ya abiria. Singeli yenyewe ni ya mbio, raha yake iko katikati, kwenye kinanda na maneno.

Nunua mabeseni ya plastiki yanayofanana, mawili kwa kila spika, yenye mdomo mpana kuliko kitako. Kabla ya yote yajaze maji kwa chupa ya lita moja ukihesabu: yakipata lita nne na nusu kila moja, basi mawili yaliyofungwa mdomo kwa mdomo ni kama lita tisa, zinazozitosha inchi 6.5 nyingi. Kausha, paka nta, kisha tandika mati kwa ndani, tabaka tatu. Poliesta haishiki vizuri kwenye plastiki hiyo ya mabeseni, kwa hiyo ikiganda ukipinda beseni kidogo, bakuli lako linachomoka, na uso wa nje unatoka laini bila kupiga puti. Kitako cha mojawapo ndipo unapotoboa tundu la spika, ukigundishia duara la plaiwudi kwa ndani. Unganisha midomo kwa vipande vya mati.

Umbo hilo si la urembo tu. Harry Olson wa kampuni ya RCA, Marekani, alipima spika ileile kwenye maboksi ya maumbo mbalimbali, akachapisha matokeo mwanzoni mwa miaka ya 1950: tufe ndilo lililotoa sauti iliyonyooka kuliko yote, kwa sababu halina kona kali za kuisumbua sauti inapotoka. Ubaya wake uko ndani, mwangwi unarudi katikati kwa pamoja. Jaza sufi, ile ya mito, bila kuishindilia. Tanga hamkosi msufi.

Na abiria akiomba upunguze, punguza.

*Habari yako Fundi. Mimi ni wa Likoni. Naweza kuchonga umbo kwa ile foamu nyeupe ya kufungia televisheni, halafu nipake faiba juu? – Mchongaji*

Njema, karibu. Ukipaka poliesta moja kwa moja juu ya foamu hiyo itayeyuka mbele ya macho yako. Ifunike yote kwa tepu na foili bila kuacha upenyo, au tumia epoksi, aina nyingine ya rezini, ambayo haiili. Ukienda na epoksi acha mati, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa. Gundi inayoshikilia nyuzi za mati nyingi imekusudiwa kuyeyushwa na stairini, na kwenye epoksi inabaki ngumu kama kadibodi, haikubali kulala kwenye mpindo. Mafundi wa boti hapo kwenu watakuelewa ukiwaambia hivyo.

*Fundi, toleo lililopita ulimwambia msomaji wa Dodoma abaki na mbao kwa spika zake za sebuleni. Mbona makampuni makubwa Ulaya yanatumia faiba? Naona unawarudisha watu nyuma. – Mpenda Muziki, Arusha*

Yule wa Dodoma alitaka boksi la mraba la kukaa kwenye rafu ya mraba. Kuta sita bapa. Nimeshasema faiba bapa inafanya nini. Angetumia rezini nyingi, mati nyingi na mapafu yake kupata kitu ambacho plaiwudi ya milimita 18 inakipata kwa msumeno na gundi.

Bila shaka umefikiria ile spika ya Nautilus ya kampuni ya B&W ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1993, yenye umbo la konokono. Ni faiba kweli. Lakini itazame vizuri: kila spika ina bomba nyuma yake linalosinyaa taratibu, na lile la besi limejiviringa kwa sababu lingenyooka lingekuwa refu mno kukaa sebuleni. Kazi ya bomba hilo ni kuimeza sauti ya mgongo wa spika isirudi. Seremala gani atakukunjia mbao hivyo? Walitumia faiba kwa sababu hesabu iliwapa umbo ambalo mbao haiwezi. Nionyeshe umbo lako la namna hiyo, mimi nitakuwa wa kwanza kukuchanganyia rezini.

Ukiweka boksi la mbao la lita 27 na la faiba la lita 27, yote magumu, yote yamezibwa, spika ileile, besi utakayoisikia ni ileile. Anayekwambia faiba inaongeza besi anauza faiba.

*Boksi langu la faiba limekamilika na limepigwa rangi, lakini besi ikishuka nasikia "fyuu fyuu". Nimekaza skrubu zote. – Anayekereka, Kigoma*

Linavuja. Mara nyingi ni sehemu mbili: pale duara la plaiwudi linapokutana na faiba, na pale waya unapoingilia. Spika ikirudi ndani inasukuma hewa kwenye tundu dogo, ndiyo hiyo fyuu.

Washa udi au ubani, zima feni, funga madirisha. Tafuta programu ya simu inayotoa mlio mmoja, iweke hezi 30, sauti ya chini ya wastani. Pitisha udi polepole kwenye maungio yote, karibu lakini usiguse rangi. Penye tundu moshi utaanza kutetemeka na kukatikakatika. Weka alama kwa penseli, endelea hadi umalize mzunguko, maana tundu halikai peke yake.

Kisha fungua spika, uzibe kwa ndani. Rezini iliyochanganywa na puti hadi iwe uji inafaa kwenye maungio: imwage, uligeuzegeuze boksi itiririke kwenye mshono wote kabla haijaganda. Tundu la waya lizibe kwa silikoni. Hiyo silikoni iache siku nzima boksi likiwa wazi, kwa sababu aina inayonuka siki inatoa mvuke wa asidi wakati wa kukauka, na mvuke huo ukifungiwa ndani unaweza kula shaba ya spika yako. Ukirudisha spika, weka utepe wa sponji chini ya fremu kabla ya kukaza skrubu.